Maximilla Kavetsa na Kidhibiti Nambari 23

Leo, Alhamisi tarehe 31 Julai 2025, Bi. Maximilla Kavetsa anastaafu rasmi baada ya kuitumikia Karakana ya Vifaa vya Umeme ya Marura, hapa Eldoret, kwa miaka thelathini na miwili na karibu miezi mitatu. Katika kipindi hicho amepima na kutia sahihi vidhibiti-volti elfu kumi na tisa, mia nne na sita. Idadi hiyo si makadirio. Imo katika madaftari yake arobaini na moja, yaliyopangwa kwa miaka kwenye rafu iliyo nyuma ya meza ya upimaji, na yeyote anayeitilia shaka anakaribishwa kuhesabu upya. Yeye mwenyewe amehesabu mara mbili.

Aliajiriwa Jumatatu ya tarehe 3 Mei 1993, akitokea Chavakali, kama karani wa stoo. Kazi yake ilikuwa kutoa waya, skrubu na risasi ya kulehemu, na kuandika nani amechukua nini. Dirisha la stoo lilitazamana na meza ya upimaji, na kwa muda wa miezi michache Bi. Kavetsa alishuhudia jambo ambalo halikumtuliza: vifaa alivyovitoa stoo vikiwa vipya vilirudi mlangoni mwake vikiwa vimefungwa utepe mwekundu wa kukataliwa. Karani mwingine angeandika tu kwamba vimerudi. Yeye alitoka stoo, akasimama mbele ya mwanzilishi wa karakana hii, Mzee Gikonyo, na kumuuliza ni kosa gani vifaa hivyo vimefanya.

Mzee Gikonyo, ambaye tuna heshima ya kuwa naye leo akiwa mgeni wetu, husema hakuna mfanyakazi mwingine aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa niaba ya kifaa. Alimvutia kiti. Kufikia mwaka 1995, Bi. Kavetsa alikuwa na meza yake, mita yake na kalamu ya risasi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiazima.

Kwa faida ya wageni wetu ambao si mafundi, yafaa nieleze kwa ufupi kazi iliyompatia jina. Kidhibiti-volti hupokea umeme unaopanda na kushuka, kisha hutoa volti iliyo thabiti. Lakini uthabiti huo ni ahadi tu hadi upimwe. Hupimwa hivi: unasoma volti kidhibiti kikiwa hakina mzigo wowote, yaani hakuna kifaa kinachovuta umeme kutoka kwake. Kisha unakipa mzigo kamili, kiasi kikubwa zaidi cha umeme ambacho kidhibiti kimeundwa kukibeba, na kusoma tena. Volti ya pili itakuwa imeshuka kidogo. Unachukua tofauti ya vipimo hivyo viwili, unaigawanya kwa volti ya mzigo kamili, unazidisha kwa mia. Asilimia unayoipata ndiyo inayoeleza tabia ya kidhibiti kinapolemewa. Hapa Marura, kidhibiti kinachoshuka zaidi ya asilimia moja hakitoki nje ya lango.

Bi. Kavetsa ana maelezo mafupi zaidi, na sharti tukiri kwamba ni bora kuliko yaliyo katika vitabu vyetu vya chuo. Huwaambia wageni wa meza yake wafikirie wakimbiaji wa Kaptagat. Yeyote anaweza kupendeza kwenye tambarare. Mtazame akifika kilimani, ukaone mwendo umepungua kiasi gani.

Kila kidhibiti alichokipima kiliondoka na kadi ndogo iliyobandikwa ndani ya kifuniko: volti bila mzigo, volti kwa mzigo kamili, asilimia, tarehe, na herufi M.K. Alikataa katakata kutumia muhuri wa mpira alioletewa mwaka 2001. Alieleza kwamba muhuri unaweza kupigwa na mtu ambaye hakupima, na kwa muda wa wiki nzima muhuri huo ulitumiwa kuzuia mlango wa choo usijifunge.

Mzigo wenyewe ni sanduku la chuma ambalo wengi wenu mmeliona likiwa chini ya dirisha. Ndani yake mna koili mbili zinazogeuza umeme kuwa joto, kila moja ikivuta ampea mbili, na kwa pamoja ampea nne. Asubuhi za Julai mjini Eldoret zinajulikana. Haikuchukua muda kabla ya mafundi kugundua kwamba juu ya sanduku hilo kikombe cha chai hakipoi, na nafasi iliyo katikati kabisa, penye joto zaidi, ikawa ya Bi. Kavetsa kwa haki ya ukongwe. Rangi ya mahali hapo imebanduka na kuacha duara lenye ukubwa wa kikombe chake cha bati. Nawaomba mlikumbuke duara hilo, kwani ndilo lililoiokoa karakana hii mwaka 2009.

Mwaka huo tulipata kandarasi ya vidhibiti thelathini na sita vya volti ishirini na nne, vya kuendeshea friji za chanjo katika zahanati zinazotumia nguvu za jua. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupewa. Bi. Kavetsa alivipima vyote kwa siku nne, na matokeo yalikuwa ya kupendeza mno. Kidhibiti baada ya kidhibiti kilisoma volti 24.12 bila mzigo na 23.97 kwa mzigo kamili, au karibu na hapo. Tofauti ni 0.15, gawanya kwa 23.97, zidisha kwa mia, unapata asilimia 0.63. Karakana haikuwa imewahi kutoa kundi zima lililo bora hivyo. Ijumaa tarehe 10 Julai, gari liliondoka likiwa limejaa, Mzee Gikonyo akanunua kreti mbili za soda, na habari zikaenea kwamba barua ya kumfanya Bi. Kavetsa kuwa Mkuu wa Kitengo cha Upimaji, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho hapa, ilikuwa imeshachapwa na kubakia sahihi tu.

Jumanne iliyofuata, akipima kidhibiti cha mteja mwingine kabisa, alinywa chai yake akaiona vuguvugu.

Kwanza aliilaumu chai. Dereva wetu Kipkemboi, ambaye ndiye aliyeileta, bado anakumbuka shutuma hiyo.

"Kipkemboi, hii chai ni ya leo ama ya jana?"

"Mama Max, imetoka kwa jiko saa hii! Hata mimi imenichoma ulimi."

Bi. Kavetsa aliweka kiganja juu ya sanduku. Akakiacha hapo. Kwa kawaida mtu hawezi kukiacha kiganja hapo akahesabu hadi tano. Yeye alihesabu hadi thelathini. Akafungua kifuniko na kuona kwamba mguu wa koili moja ulikuwa umekatika kwenye kiungo, pengine siku sanduku liliposukumwa ili sakafu ipakwe rangi. Koili ya pili ilikuwa ikifanya kazi peke yake. Mzigo uliokuwa umeandikwa ampea nne ulikuwa ampea mbili.

Kosa hili lingeweza kumpata fundi yeyote wa karakana hii. Mita ya ampea ilikuwa imeazimwa na upande wa mota tangu Juni, na kwa kuwa maandishi ya ampea nne yalikuwa wazi ubavuni mwa sanduku, hakuna aliyeona haja ya kuidai. Bi. Kavetsa alipima volti kwa uangalifu wa hali ya juu na akauamini mzigo kwa macho. Vidhibiti thelathini na sita vilikuwa vimepimwa kwenye tambarare, na kadi zikasema vimepanda kilima.

Aliirekebisha koili, akatoa stoo kidhibiti kimoja cha akiba kilichobaki kutoka kundi lile, akakipima upya. Bila mzigo, 24.12. Mzigo kamili, 23.82. Tofauti 0.30, asilimia 1.26. Hakikufaa. Alipokifungua alikuta nyaya za kutoa volti ni nyembamba kuliko zilizozoeleka, kwani zile nene zilikuwa zimekwisha stoo na mtu akatumia zilizokuwapo.

Hakuna zahanati iliyokuwa imelalamika. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Barua ya cheo ilikuwa katika droo ya Mzee Gikonyo, ikisubiri wino. Kabla ya saa nne Bi. Kavetsa alikuwa mbele ya meza hiyo akiwa na kidhibiti mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Mzee Gikonyo mwenyewe ndiye aliyetusimulia mazungumzo hayo, na ametupa ruhusa tuyachapishe bila kuyalainisha.

"Max, watu wanatupongeza huko nje. Sasa unataka tuwafuate tuwaambie tulikosea?"

"Si sisi, Mzee. Kwa hizo kadi hakuna jina la karakana. Kuna langu."

"Na kama hazitaharibika? Labda hizo friji hazivuti lodi yote."

"Labda. Lakini mimi sikuandika labda."

Mzee Gikonyo aliidhinisha safari. Barua haikutiwa sahihi. Kwa upande wake, Bi. Kavetsa hakuiulizia.

Alisafiri na Kipkemboi kwa siku kumi na moja katika pikapu ya karakana, akiwa amelipakata lile sanduku la mzigo mapajani kwa sababu hakuamini kwamba viungo vyake vingestahimili mtikisiko wa nyuma. Kipkemboi alimuuliza kama amfungie leso mgongoni abebe vizuri. Walianzia Timboroa, ambako baridi iliwafanya wauguzi wamwone mgeni yule mwenye sanduku la moto kama baraka, wakashuka zahanati baada ya zahanati. Kila mahali alianza kwa sentensi ile ile: kwamba yeye ndiye M.K. wa kwenye kadi, kwamba alikosea, na kwamba amekuja kurekebisha. Alibadilisha nyaya, akapima upya mbele ya muuguzi, akachana kadi ya zamani na kubandika mpya. Katika zahanati mbili alikuta friji zikijizima kila alasiri mota zake zilipoanza kuvuta kwa nguvu. Wauguzi walikuwa wakihamisha chanjo kwenye masanduku ya barafu na kuyalaumu mawingu. Hakuna hata dozi moja iliyokuwa imeharibika, lakini muuguzi mmoja alimwambia bila kupepesa macho kwamba wiki moja zaidi na barafu ingewashinda.

Vilipatikana thelathini na tano.

Nambari 23 haikuonekana. Katika zahanati iliyopaswa kuwa nayo, upande wa Turbo, alielezwa kwamba friji yao ilihamishwa pamoja na katoni zake zote na gari ambalo halikuacha karatasi. Kila mtu alijua limeelekea kwingine. Hakuna aliyejua ni wapi. Bi. Kavetsa alirejea Eldoret, akachukua nakala ya kadi ya nambari 23, akaibandika ukutani mbele ya meza yake kwa utepe wa umeme mweusi: 24.12, 23.97, 0.63, M.K.

Ilikaa hapo karibu miaka kumi na sita. Utepe ulibadilishwa mara nyingi, kadi haikuondolewa. Kila Januari aliandika barua kwa zahanati za eneo hilo akiuliza kama kuna friji inayojizima alasiri. Wafanyakazi wapya walidhani ni kumbukumbu ya ushindi fulani, na yeye hakuwaacha waendelee kudhani hivyo. Alisema waziwazi kwamba ile ni kadi ya uongo aliyoiandika kwa mkono wake bila kukusudia, na kwamba hajui kama mahali fulani kuna mtoto aliyedungwa chanjo iliyokufa kwa sababu yake. Aliyasema hayo bila machozi na bila mapambo, kama mtu anayesoma mita.

Manufaa ya swali hilo lisilojibiwa yanaonekana kila kona ya karakana yetu. Tangu Agosti 2009, hakuna kipimo cha mzigo kinachoandikwa Marura kabla mita ya ampea haijasomwa na kuandikwa kwanza. Kadi iliongezwa mstari mmoja kwa ajili hiyo. Wakaguzi waliotutembelea mwaka jana waliusifu mstari huo na kuuliza umetolewa katika mwongozo gani. Kuna pia sharti la pili, ambalo halimo katika mwongozo wowote: anayepima huweka kikombe chake juu ya sanduku kabla ya kuanza. Sisi tuliowasili hapa na shahada tulilichukulia kuwa mzaha. Kisha tulielewa kwamba mita inaweza kukosea, lebo inaweza kukosea, lakini ni vigumu vyote viwili pamoja na chai vikosee siku moja.

Cheo kilimfikia mwaka 2013. Mzee Gikonyo hakuwa ameichana ile barua. Aliitoa droo ile ile, akakata tarehe ya 2009 kwa kalamu, akaandika mpya juu yake na kutia sahihi. Karani alijitolea kuichapa upya ili iwe safi, naye Bi. Kavetsa akakataa. Imetundikwa sebuleni kwake Langas ikiwa na mkato wake, na mgeni yeyote anayeuliza huambiwa sababu. Chini ya uongozi wake kitengo kilikua kutoka meza moja hadi tano, na vifaa vinavyorudishwa na wateja vilipungua kutoka vinne katika kila mia hadi kimoja katika kila mia mbili.

Mwezi Februari mwaka huu, ikiwa imesalia miezi mitano astaafu, karani wetu Betty Amondi alikuwa akilalamika wakati wa chai kuhusu kanisa lao la Chepsaita. Spika yao, alisema, ilikuwa na tabia ya ajabu. Mhubiri akisema peke yake, sauti ni safi. Kwaya ikisimama, inaanza kukatakata.

Bi. Kavetsa aliweka kikombe chini.

"Inakata wakianza ama wakifika kiitikio?"

"Kiitikio, Mama. Yaani hapo tu watu wanapopaza, inakata pumzi. Tumeombea hiyo spika hadi tumechoka."

"Inatumia stima?"

"Hapana, sola. Kuna ka-sanduku tulipewa kitambo."

Jumapili ya tarehe 9 Machi, Bi. Kavetsa alikuwa Chepsaita akiwa amevaa vizuri, na bisibisi ndani ya mkoba pamoja na Biblia. Alikaa ibada nzima. Betty anashuhudia kwamba kwaya ilipofika kiitikio na spika ikakatika, waumini wote walikunja uso isipokuwa mgeni mmoja aliyekuwa akitabasamu. Baada ya baraka za mwisho aliomba kuonyeshwa sanduku. Alifungua skrubu nne. Ndani ya kifuniko mlikuwa na kadi iliyogeuka rangi ya chai: nambari 23, 24.12, 23.97, 0.63, M.K.

Kabla ya kugusa waya wowote, alimuuliza mzee wa kanisa, Mzee Simeon, swali alilolibeba tangu 2009: hiki kifaa kiliwahi kuendesha friji ya chanjo?

"Friji? Hapana, mama. Hii ilikuja kwa katoni yake, haijafunguliwa hata utepe. Hiyo friji ilipelekwa kwa zahanati ya stima, hii ikawa haina kazi, ikakaa kwa stoo yao mpaka wakatupatia sisi. Kazi yake tangu izaliwe ni kuimba tu."

Bi. Kavetsa aliketi kwenye benchi la kwaya. Kisha akaomba ubao wa kuwekea vitu na mtu wa kumshikia kifuniko. Alibadilisha nyaya palepale. Jumamosi iliyofuata alirudi na Kipkemboi, pikapu, mita ya ampea na sanduku la mzigo, likiwa limepakatwa kama zamani, na akapima. Ampea nne kamili. Bila mzigo, 24.12. Mzigo kamili, 23.96. Asilimia 0.67. Aliandika kadi mpya na kuibandika. Ile ya zamani aliichana. Jumatatu asubuhi, bila sherehe, alibandua nakala iliyokuwa ukutani. Mahali pake pamebaki mstatili wa rangi safi, na tumekubaliana kwamba upakaji wa rangi mpya hautapita hapo.

Kwa mwanamke aliyetufundisha kwamba kipimo ni neno la mtu, shukrani zetu hazina budi kuwa sahihi. Tunamshukuru kwa madaftari arobaini na moja. Tunamshukuru kwa mstari mmoja ulioongezwa kwenye kadi. Tunamshukuru kwa kuingia ofisi ya Mzee Gikonyo siku ile ya Julai, siku ambayo ingekuwa rahisi sana kumaliza chai vuguvugu na kuendelea na kazi. Sasa anahamia shamba lake dogo upande wa Turbo, karibu na bintiye Linah, na tumedokezwa kwamba kwaya ya Chepsaita imeshamtengea kiti katika sauti ya pili.

Kwaya hiyo iko nasi leo. Imekuja na spika yake, betri zake, na kidhibiti nambari 23, ambavyo vimepangwa kando ya jukwaa kwa yeyote anayetaka kuinama asome kadi. Wataimba nyimbo mbili kabla ya chakula. Tunawaomba wageni wote, na hasa wafanyakazi wa kitengo cha upimaji, wasikilize kwa makini zaidi wakati wa kiitikio.

Mama Max, nenda kwa amani na fahari uliyoistahili. Siku zako zijae, mwendo wako usipungue kilimani, na popote utakapoweka kikombe chako, chai yako isipoe.

Imeandaliwa na Lenny Mabonga, Kitengo cha Upimaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote.